Kushikamana na Tiba ya Mwili na Akili Unapokuwa na Maumivu Sugu ya Mgongo

Maumivu yakidumu kupita miezi 3 madaktari huyaita maumivu sugu, na aghalabu mtu anapofikia hapo huwa amekwishazunguka kwa wataalamu, kwa wachuaji na kwenye maduka ya dawa. Mwongozo huu unamhusu yule aliyechunguzwa vizuri, asionekane na ugonjwa unaoeleza maumivu yake, na sasa anataka kuyakabili kwa kuufundisha upya mfumo wake wa fahamu, yaani ubongo na neva, usiyaogope tena; hiyo ndiyo tiba ya mwili na akili. Kwa maoni yangu, wengi hawashindwi kwa sababu njia hii ni ngumu, bali kwa sababu huifuata nusunusu: asubuhi wanajizoeza kutoogopa, jioni wanatafuta fedha za kupiga hospitalini picha ya tatu ya mgongo uleule. Mshika mbili moja humponyoka.

Uchunguzi lazima utangulie, tena usifanywe kwa haraka. Homa za jioni, jasho la usiku, kupungua uzito bila sababu au kuwahi kuugua saratani ni mambo ya kumweleza daktari waziwazi, kwa kuwa kifua kikuu hushambulia pingili za mgongo pia, na ugonjwa huo bado tunao Afrika Mashariki. Mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, naye asiyachukulie maumivu yake kuwa ya aina hii. Ukipata ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, ukashindwa kuzuia mkojo au choo, au miguu ikaishiwa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ukishachunguzwa, isome upya ripoti ya picha yako. Maneno kama "diski zimechakaa", yaani vile vitenganishi laini vilivyo kati ya pingili, yamewalaza kitandani watu ambao mgongo wao ungeweza kufanya kazi. Mwaka 2015 watafiti walikusanya matokeo ya picha za watu 3,110 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo, wakakuta kwamba diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20 na asilimia 80 ya wenye miaka 50. Kuchakaa huko huja na umri kama mvi zijavyo, na peke yake hakutoshi kueleza kwa nini wewe unaumwa na jirani yako haumwi.

Hapa ndipo watu wengi huumia moyo, wakidhani wanaambiwa kwamba wanajifanya. Sivyo. Mwaka 1995 jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, lilieleza habari za fundi ujenzi wa miaka 29 aliyerukia msumari ukatokeza juu ya buti lake. Maumivu yalikuwa makali kiasi cha kupewa dawa nzito za kumtuliza, lakini buti lilipovuliwa ikaonekana kwamba msumari ulipita katikati ya vidole bila kumgusa. Maumivu yake yalikuwa ya kweli kabisa, kwa sababu ubongo ndio unaotoa maumivu, nao huyatoa kwa kadiri unavyoamini kwamba mwili uko hatarini. Katika maumivu sugu, ubongo huweza kuendelea kupiga kengele hiyo muda mrefu baada ya jeraha kupona.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukusanya ushahidi wako mwenyewe. Kwa wiki 2, andika katika daftari ni lini maumivu yalihama kutoka kiuno kwenda bega, ni lini yalipanda ada ya shule ilipokaribia, na ni lini yalitoweka ulipokuwa ukicheza kwenye harusi ya ndugu yako. Uyaandike kwa mkono wako, kwani siku mbaya ikifika hutayakumbuka.

Kisha panga muda maalumu, wiki 8 kwa mfano, ambao ndani yake hutatafuta tiba nyingine mpya. Kila siku tenga dakika 10, baada ya swala ya Alfajiri au kabla ya kulala, ukae kwa utulivu na kuyaelekeza mawazo mahali panapouma: je, panachoma, panabana, au panapwita? Uyatazame maumivu hayo bila kuyafukuza, huku ukijiambia kwamba mgongo wako uko salama. Ukikuta unayatazama ili yaondoke upesi, basi hofu bado imeshika usukani. Pumua, uanze tena. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Colorado Boulder lililochapishwa mwaka 2021, tiba ya namna hii ilitolewa kwa wiki 4 chini ya wataalamu, na kati ya watu 50 waliopangiwa, 33 walimaliza wakiwa hawana maumivu ya mgongo au wanayo kidogo mno.

Mazoezi ya kukaa hayatoshi bila kuurudia mwendo unaouogopa. Kama ni ndoo, anza na lita 5, ubebe siku kadhaa, kisha uongeze hadi lita 10, na usiharakie 20. Waombe watu wa nyumbani waache kukukataza kuinama na waache kukuuliza kila asubuhi umeamkaje na mgongo, kwani swali hilo, lijapokuwa la upendo, huulazimisha ubongo kukagua tena hatari. Nawe acha kuyapa maumivu alama kila saa. Mwisho wa wiki hesabu ulichofanya.

Maumivu yatarudi kwa nguvu siku fulani, mara nyingi pale ulipokwisha kupata nafuu. Siku hiyo usipige picha wala usilale kutwa, ila kama ipo mojawapo ya dalili zilizotajwa juu; punguza mzigo kwa nusu, fungua daftari usome ushahidi wako, na kesho yake urudie kiwango cha juzi. Dawa ulizoandikiwa usiziache ghafla: zungumza na daktari akupunguzie dozi taratibu kadiri mwendo wako unavyorejea.