Kuamua Mpira wa Kuotea Ukiwa Refa Peke Yako

Katika mechi nyingi za mitaani hapa Lamu, refa huingia uwanjani bila wasaidizi waliofunzwa, na vibendera hushikwa na vijana walioletwa na timu zenyewe. Vijana hao wape kazi ya kuonyesha mpira uliotoka tu, na uwaeleze manahodha wote wawili kabla ya mechi kuanza kwamba kuotea, yaani mshambuliaji kuwa karibu na goli la wapinzani kuliko mpira na kuliko mpinzani wa pili kutoka mwisho pasi inapopigwa, utaamua mwenyewe.

Usiufuate mpira kwa nyuma moja kwa moja, kwa kuwa ukitazama kutoka huko, mabeki na washambuliaji huonekana kama wamesimama mstari mmoja. Jitenge pembeni upate kuiona nafasi iliyo baina yao, hata ikibidi uwe mbali kidogo na mpira. Kwenye uwanja wa mchanga, ambako upepo wa kusi na nyayo hufuta mistari mapema, tafuta mnazi au nguzo iliyo sambamba na mstari wa katikati, kwa sababu mchezaji aliye katika nusu ya timu yake hahesabiwi kuwa ameotea.

Ugumu wenyewe uko katika ule wakati pasi inapopigwa. Kinachohesabiwa ni pale mguu unapougusa mpira, si pale mshambuliaji anapoupokea, na jicho linalohama kutoka kwa mpigaji hadi kwa mpokeaji huchelewa. Mshambuliaji akikimbilia goli na beki akipanda mbele, kila mmoja kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde, sehemu moja ya kumi ya sekunde inatosha kuwatenganisha kwa mita nzima. Kwa hiyo jizoeze kuwakazia macho wachezaji wa mwisho na kuisikiliza pasi kwa sikio. Waliolingana hawajaotea, na mikono haihesabiwi, hata ya kipa. Ukiwa na shaka, acha mchezo uendelee.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni refa kumtazama beki wa mwisho na kumsahau kipa. Sheria humpima mshambuliaji kwa mpira na kwa mpinzani wa pili kutoka mwisho, yeyote yule. Basi kipa akitoka mbele na beki mmoja tu akabaki golini, mshambuliaji aliyempita kipa na aliye mbele ya mpira ameotea, japo beki bado yuko kati yake na goli.

Kusimama mahali pa kuotea peke yake si kosa. Subiri uone kama atacheza mpira, atamziba kipa asione, atamsumbua mpinzani, au atanufaika na mpira uliorudi kutoka kwenye mwamba au uliookolewa na kipa. Beki aliyekuwa na nafasi ya kuumudu mpira akaupiga vibaya amemwondolea mshambuliaji kosa. Mpira uliomgonga tu haumwondolei. Hapa ndipo makelele ya watazamaji humponza refa, naye hupuliza kabla ya kuona tendo lenyewe. Tulia, hata wakikuita majina.

Mpira wa kurushwa, kona na goli kiki, ukipokewa moja kwa moja, hauna kuotea. Ukiadhibu, weka mpira pale kosa lilipotendeka, kisha inua mkono na uuache juu mpaka mpira uguswe na mchezaji mwingine au utoke nje, kwani adhabu hii haifungi goli moja kwa moja.