Kabla Hujanunua Seti ya Vipuri vya Bunduki Marekani

Wapo Watanzania, Wakenya na Wakongo waliozoea maisha ya Marekani kiasi cha kuvutiwa na kazi ya kuunganisha bunduki katika karakana ya nyumbani, hasa kutokana na seti za vipuri zilizotoka Romania, Poland au iliyokuwa Yugoslavia. Ufundi wenyewe una walimu wengi. Linalosahaulika ni kwamba mhamiaji akikosea kipengele kimoja cha sheria anaweza kupoteza haki ya kuishi nchini, jambo ambalo jirani yake aliyezaliwa pale haliogopi.

Swali la kwanza, basi, linahusu hadhi yako ya uhamiaji. Sheria ya shirikisho inawaruhusu raia, wenye grini kadi na wakimbizi waliopokewa rasmi kumiliki bunduki, mradi hawana vizuizi vingine, lakini inamkataza mtu anayeishi nchini bila kibali, na vilevile aliyeingia kwa viza ya muda, awe mwanafunzi au mfanyakazi, isipokuwa ana msamaha maalumu kama leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Anayetumia bangi naye amezuiwa, hata kama jimbo lake linaiuza madukani. Wengi hunaswa hapa kwa kudhani kwamba ruhusa ya jimbo inatosha.

Katika seti, mtutu, kitako na nyundo ni vipuri tu. Kinachohesabiwa kisheria kuwa bunduki ni risiva, yaani kile kiunzi kinachobeba mfumo wa kufyatulia, na ndiyo maana risiva za seti hizo hukatwa vipande kabla ya kuingia nchini. Risiva mpya hununuliwa kwa muuzaji mwenye leseni, baada ya kujaza fomu namba 4473 na kuchunguzwa kumbukumbu zako za jinai. Ijaze fomu hiyo polepole. Mwenye grini kadi anayejiandika kuwa raia, hata kwa haraka ya kumaliza foleni, amejitia katika hatari ya kufukuzwa nchini, kwa kuwa kudai uraia usio wako ni kosa ambalo sheria ya uhamiaji hailisamehe kirahisi.

Kipengele kinachowachanganya hata mafundi wazoefu hujulikana kama 922(r). Kinahusu bunduki zinazojipakia zenyewe risasi baada ya kila mlio, na kanuni zake zinaorodhesha aina 20 za vipuri, zikiwamo mtutu, bolti (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu risasi inapolipuka), kifyatulio na kitako, ambapo bunduki iliyounganishwa hairuhusiwi kuwa na zaidi ya 10 zilizotoka nje ya nchi. Tangu mwaka 2005 seti hizo haziingizwi tena zikiwa na mitutu yake. Kwa maoni yangu, mwenye busara huhifadhi risiti ya kila kipuri cha Kimarekani alichotia. Mtutu usipungue inchi 16 bila idhini ya awali ya ATF, yaani idara ya shirikisho inayosimamia silaha, na vipuri vya kijeshi vya kufyatua risasi mfululizo visiguswe kabisa, kwani tangu mwaka 1986 raia wa kawaida haruhusiwi kutengeneza bunduki ya aina hiyo.

Majimbo nayo yana yao: California, New York na New Jersey ni makali mno, na linaloruhusiwa Texas linaweza kukufunga huko. Kuhama jimbo na bunduki yako ni sababu ya kumwona wakili kwanza.

Kama unaishi na mdogo wako mwenye viza ya masomo, usimwachie ufunguo wa kabati la silaha, kwa sababu uwezo wa kuifikia bunduki unaweza kuhesabiwa kuwa ni kuimiliki. Unapokwenda nyumbani likizo, vipuri vibaki Marekani: kuvisafirisha nje kwaweza kuhitaji leseni ya serikali, na Kenya na Tanzania zote zinadai kibali kabla silaha haijaingia, hata ikiwa imefunguliwa vipande vipande ndani ya sanduku.