Jinsi ya kushika historia ya nchi na uraia bila kukariri kama kasuku

Muulize mtu yeyote kijiweni 9 Desemba 1961 nchi gani ilipata uhuru, wengi watakujibu Tanzania tena kwa kujiamini kabisa. Tanzania ilikuwa haijazaliwa jamani, ni Tanganyika.

Njia rahisi we anza na sikukuu. Chukua kalenda ya ukutani, ziandike zile siku za mapumziko kwenye karatasi ila usizipange kwa miezi, zipange kwa mwaka tukio lilipotokea. Saba Saba wengi tunaijua kwa maonyesho ya barabara ya Kilwa tu, kumbe ni 7 Julai 1954, siku chama cha TANU kilipoanzishwa. Inafuata Uhuru 1961. Alafu ingia Zanzibar, hapa ndo patamu: uhuru kutoka kwa Waingereza 10 Desemba 1963 (hii haina mapumziko ndo maana watu hawaijui), mwezi mmoja tu mbele Mapinduzi 12 Januari 1964, Muungano 26 Aprili mwaka huohuo, na jina lenyewe Tanzania limekuja Oktoba, kabla ya hapo tuliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Yaani yote hayo hata mwaka haujaisha. Karume Dei ni 1972 alipouawa, Nyerere Dei 1999 alipofariki, basi hizo hazisumbui.

Ukimaliza hapo pakua Katiba ya 1977 kwenye simu, ya Kiswahili, ni bure. Usianze ukurasa wa kwanza utalala. Nenda ibara ya 12 mpaka 29, haki na wajibu, soma mbili mbili ukiwa kwenye daladala, na ujue tu kwamba haki hizo ziliingizwa 1984, mwanzo hazikuwemo.

Kisha ruka mpaka kurasa za mwisho, Nyongeza ya Kwanza, orodha ya Mambo ya Muungano (yale serikali ya Muungano inayasimamia Bara na Zanzibar kwa pamoja), yako 22. Mi naona hii ndo kurasa yenye faida kuliko zote maana inajibu maswali ya kila siku. Tafuta afya, huioni, ndo maana waziri wa afya wa serikali ya Muungano, kule Dodoma, hana amri na hospitali ya Mnazi Mmoja ya Unguja, wana waziri wao kule. Tafuta polisi, ipo, kwa hiyo trafiki anayekusimamisha Darajani Unguja na yule wa Ubungo Dar bosi wao ni IGP (mkuu wa polisi) mmoja.