Namna ya Kumstarehesha Abiria kwa Kiyoyozi cha Gari Katika Joto la Unguja

Gari iliyoegeshwa juani nje ya uwanja wa ndege wa Kisauni, hasa katika miezi ya kaskazi, huwa na joto kali zaidi ndani kuliko nje, kwa sababu mwanga wa jua hupenya vioo kwa urahisi na kuvipasha viti na dashibodi, kisha joto linalotoka kwenye vitu hivyo hukosa njia ya kutokea. Kuwasha kiyoyozi papo hapo huku milango imefungwa ni kukitwika mzigo ambao upepo ungeuondoa bure. Fungua milango yote kwa dakika moja au mbili, kisha ondoka vioo vikiwa vimeteremshwa, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, feni ikiwa kwenye nguvu ya juu na gari ikivuta hewa ya nje. Hewa inayotoka kwenye matundu ikishakuwa baridi, pandisha vioo na ubonyeze kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kinga ya jua ya kuweka nyuma ya kioo cha mbele, au kivuli cha mwembe, hupunguza kazi yote hiyo kabla haijaanza.

Abiria, hata hivyo, haongozwi na nambari inayosomeka kwenye dashibodi. Mwaka 1970 mtaalamu wa Denmark, P. O. Fanger, alieleza kuwa starehe ya mtu hutegemea mambo sita: joto la hewa, joto linalotoka kwenye vitu vilivyomzunguka, unyevu, mwendo wa hewa, nguo alizovaa na kazi inayofanywa na mwili wake. Kiyoyozi huyamudu mambo matatu tu vizuri, yaani joto la hewa, unyevu na mwendo wa hewa, lakini hakiwezi kulizuia jua linalompiga mtu begani. Kwa hiyo fikiria njia kabla ya kupanga viti. Ukitoka mjini alasiri kuelekea Nungwi kwa njia ya Mahonda na Kinyasini, jua la magharibi huwa kushoto, na kwa kuwa usukani wetu uko kulia, abiria wa mbele ndiye anayeungua. Mpe pazia la dirisha, au umpangie mtoto na mzee upande wa kulia nyuma. Asubuhi kuelekea Paje, jua hukujia usoni, na wanaoketi mbele ndio watakaolalamika.

Mgeni aliyeshuka kwenye ndege akiwa na jaketi na jasho hufurahia baridi kali kwa muda mfupi, kisha jasho likikauka huanza kukunja mikono. Hapo punguza nguvu ya feni na uweke nyuzi 24 au 25, jambo linalofaa zaidi kuliko kukiwasha na kukizima kiyoyozi kila mara. Hewa baridi huteremka yenyewe, hivyo elekeza matundu juu kidogo, ipite juu ya vichwa badala ya kumpiga mtu machoni. Kwenye Noah au Alphard zenye kiyoyozi cha nyuma, hakikisha swichi yake imewashwa. Madereva wengi huisahau, na wa mbele wakatetemeka huku wa nyuma wakijipepea. Katika safari ndefu ingiza hewa ya nje mara kwa mara, kwani pumzi za watu wengi zikizunguka ndani tu huleta uchovu na usingizi, ambao dereva hauhitaji.

Unyevu wa masika unataka uangalifu wa pekee. Vioo vikifanya ukungu kwa ndani, wengi huzima kiyoyozi, nayo ni kinyume cha dawa: kiwashe, vuta hewa ya nje, ongeza joto kidogo na uielekeze hewa kwenye kioo, kwa sababu kiyoyozi hukausha hewa kinapoipoza. Lakini ukungu ukiwa kwa nje, ina maana kwamba kioo kimekuwa baridi kupita kiasi. Piga waipa, uondoe hewa baridi kwenye kioo na upunguze ubaridi. Maji yanayodondoka chini ya gari ni unyevu huo huo uliotolewa ndani, si kasoro.

Unguja haina sehemu iliyo mbali na bahari, na chumvi hula kondensa, ile sehemu yenye mapezi membamba ya alumini iliyo mbele ya rejeta. Isuuze kwa maji matamu yanayotiririka taratibu, kwani mashine ya presha huyapinda mapezi. Ikiwa kiyoyozi hupoza gari inapokwenda lakini hutoa hewa ya joto kwenye foleni ya Darajani, mwambie fundi aikague kwanza feni ya kondensa. Kukiwa na harufu ya uvundo, badilisha filta ya hewa ya ndani ya gari, ambayo katika magari mengi ya Japani hukaa nyuma ya kisanduku cha dashibodi, na uzoee kuzima kiyoyozi dakika chache kabla ya kufika huku feni ikiendelea kupuliza, ili sehemu ya ndani ya kiyoyozi ikauke.

Kuhusu gesi, usikubali kauli kwamba hujazwa kila mwaka. Mfumo wake umefungwa, na ikipungua sana basi pana mvujo. Fundi autafute na auzibe, aondoe hewa na unyevu kwa pampu, ndipo ajaze kiasi kilichoandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, kwa gesi iliyotajwa hapo, ambayo mara nyingi ni R134a. Gesi ya kupikia isitiwe kamwe, kwani huwaka moto.