Jinsi ya kupima kama ubaguzi wa rangi umepungua kweli

Chagua swali moja lililoulizwa kwa miaka mingi, ulifuate hilo tu. Kwa Marekani, swali linalofaa kuanzia ni la Gallup, shirika la kura za maoni, kuhusu ndoa kati ya Weusi na Wazungu. Waliozikubali walikuwa asilimia 4 mwaka 1958, 20 mwaka 1968, 64 mwaka 1997, na 94 mwaka 2021. Maneno ya swali hayakubaki yaleyale miaka yote, kwa hiyo soma dodoso la kila mwaka na utie alama kwenye grafu kila lilipobadilishwa.

Kisha gawanya jumla. Mwaka 1968 waliokubali walikuwa asilimia 56 ya Weusi na 17 ya Wazungu. Ile 20 inawaficha wote wawili. Ila ukigawanya, angalia idadi. Waliohojiwa wakiwa 1,000, jibu linaweza kukosea kwa pointi 3 hivi, juu au chini. Kundi la watu 100 ndani yao hukosea kwa pointi 10. Hapo ndipo wengi hukwama: wanatangaza mabadiliko ya pointi 5 ambayo hayapo.

Angalia pia aliyeuliza na njia aliyotumia. Mzungu akiulizwa ana kwa ana na mdadisi Mweusi, hulainisha jibu. Akijaza mwenyewe kwenye kompyuta, husema zaidi yaliyo moyoni. Takwimu zikiruka mwaka uleule utafiti ulipohamia kwenye intaneti, usiseme jamii imebadilika. Hata hivyo, watu kuona haya kutamka ubaguzi hadharani ni badiliko la kweli, nalo lina uzito wake.

Kujua kama watu wenyewe wamebadilika au wazee wametoweka na vijana wakaingia, tumia General Social Survey, utafiti wa maoni ya Wamarekani unaorudiwa tangu 1972. Chora jedwali: mistari iwe miongo ya kuzaliwa, safu ziwe miaka ya utafiti. Fuata waliozaliwa miaka ya 1940 kutoka safu hadi safu. Asilimia yao ikipanda, wamebadili mawazo. Ikisimama huku jumla inapanda, ni vizazi vimepishana.

Mwisho, linganisha maneno na vitendo, na hatua hii usiiruke kamwe. Katika utafiti uliochapishwa 2004, wanauchumi Bertrand na Mullainathan walituma wasifu wa kazi takriban 5,000 huko Boston na Chicago. Sifa zililingana, majina yakatofautiana: Emily na Greg upande mmoja, Lakisha na Jamal upande wa pili. Wenye majina ya Kizungu walihitaji kutuma wasifu kama 10 ili kupata mwito mmoja wa mwajiri. Wenye majina ya Weusi, kama 15. Na Alabama, wapiga kura walipoulizwa Novemba 2000 kama wafute kifungu cha katiba ya jimbo kilichokataza ndoa kati ya Weusi na Wazungu, ambacho Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imekiondolea nguvu tangu 1967, takriban asilimia 40 walitaka kibaki. Jimbo moja si nchi nzima, ila kura ya siri haina mdadisi wa kumwonea haya.