Mtoto akilazwa, familia nayo ipange shifti

Kijana wangu alikuwa na miaka minne tulipolazwa naye siku 23 kwa hospitali moja kubwa hapa Nairobi, nimonia yenye ilikuwa imeshaweka maji kando ya pafu hadi akawekewa paipu. Nasema tulipolazwa juu wiki ya kwanza sikutoka pale, sikulala, nilikula tu ile chai. Usiku wa nne nesi akaja na dawa mpya, kwa bahati akauliza kwanza kama kuna dawa humkataa mtoto, nikamwangalia tu. Jibu nilikuwa nalo, penisilini ilishawahi kumtoa vipele mwili mzima akiwa mdogo, na siku ya kwanza nilikuwa nimemwambia daktari, lakini kwa faili haikuwa imeandikwa na mimi kichwa kilikuwa kimekataa. Mwenye alikumbuka ni shangazi yake, kwa simu, saa nane usiku.

Manesi hubadilishana zamu, madaktari wanabadilishana, sisi wazazi tu ndio hutaka kukaa macho wiki tatu. Haiwezekani. Kaeni chini kama familia siku ile ile ya kwanza, hata kama ni kwa benchi nje ya wadi, mgawane kazi tatu: mtu wa kitandani, mtu wa makaratasi na pesa, mtu wa nyumbani. Mtu wa kitandani lazima awe na mwenzake wa kubadilishana naye. Akina mama najua mtakataa, hata mimi nilikataa hadi shosho wa mtoto akanitoa kwa nguvu, lakini angalau kila usiku wa tatu enda nyumbani, oga, lala kwa kitanda chako. Kama unanyonyesha, kula na kunywa ndio kazi yako ya kwanza.

Sasa nunua daftari. Ukurasa wa kwanza andika majina ya mtoto vile yako kwa cheti cha kuzaliwa, tarehe aliyozaliwa, dawa zenye humkataa, magonjwa amewahi kuugua, chanjo, na kilo. Kilo usisahau, dawa za watoto hupimwa kwa kilo. Halafu kila siku andika amekula nini, amekojoa mara ngapi, joto, dawa gani saa ngapi, daktari amesema nini, na chini yake maswali yako juu daktari akifika utayasahau yote. Mwenye amelala hapo usiku asipande matatu kabla hajamsomea mwenzake daftari neno kwa neno.

Jua pia nani ni nani. Hospitali kama Kenyatta ndio wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Nairobi husomea, kwa hivyo mtoto anaweza kupimwa na watu watano kabla ya saa nne asubuhi: wanafunzi, intani yaani daktari mwanagenzi, rejista yaani daktari anayesomea uspeshalisti, na konsaltanti mwenye huamua mambo mazito. Kumuuliza mtu jina na kazi yake si kukosa adabu. Uliza konsaltanti hupiga raundi siku gani, na hiyo siku kitandani awe mtu anaelewa mambo, si binamu amekuja kushika nafasi.

Kuna vitu hutangoja raundi. Ukiona mbavu zinaingia ndani akipumua, ulimi au fizi zinageuka rangi ya bluu, amepata degedege, anatapika kila kitu, hawezi kunywa ama haamki vizuri, ita nesi hapo hapo na usione haya kuita mara ya pili. Dripu na oksijeni usiguse mwenyewe hata ukiona ni polepole, ita mtu.

Kwa mtoto usiseme "haitauma". Sema itauma kidogo, nitakushika mkono, kisha itaisha. Na ile tabia yetu ya "kula ama nimwite daktari akudunge" tafadhali iacheni kabisa, huyo daktari ndiye atamgusa kila siku.

Makaratasi. SHA, ile bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, mwenye ameajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na wa jua kali hupimwa uwezo wake, lakini hakuna anayelipa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Mtoto lazima awe ameandikishwa chini yako, angalia kwa *147# leo, si siku ya kutoka. Ukiona bili imeanza kuwashinda tafuta watu wa ustawi wa jamii hapo hospitalini mapema, wao huangalia hali ya familia na wanaweza kupendekeza mpunguziwe. Na ujue 2015 Mahakama Kuu iliamua kuzuilia mgonjwa juu ya bili ni kinyume cha sheria, kesi ilikuwa ya akina mama wawili waliozuiliwa baada ya kujifungua. Mkichanga, pesa iingie kwa namba moja ya M-Pesa na mtu mwingine aandike, na kwa grupu ya WhatsApp tumeni ujumbe mmoja kila jioni, mama asishinde akipokea simu arobaini za "anaendeleaje".

Mjomba asiye na pesa anaweza kutoa damu. Awe kati ya miaka 16 na 65, kilo 50 kwenda juu, na awe mzima. Mwenye anakohoa asije wadi, apige simu tu.

Halafu mtu wa nyumbani, huyu watu humsahau. Binti yetu wa miaka saba alianza kukojoa kitandani, na siku ya kumi ndio akamwambia shosho kwamba ni yeye alimgonjesha ndugu yake juu alimmwagia maji wakioga. Siku kumi mtoto amebeba hiyo peke yake! Ambieni walio nyumbani ugonjwa unaitwaje, kwamba hakuna mtu aliuleta, nani atawapikia na nani atawapeleka shule. Wapige simu ya video wakati mgonjwa ameamka vizuri, ama wamchoree kitu. Yule wetu alibandikiwa mchoro wa ng'ombe kando ya kitanda na hakutaka utolewe.

Siku ya kutoka usikimbie. Pata ile barua ya kutoka, tarehe ya kliniki, kila dawa hadi lini, na dalili zipi zikirudi unarudi bila kungoja hiyo tarehe. Daftari mbebe nayo kliniki, kitu cha kwanza wataangalia ni kilo.