Umepewa kuratibu tathmini ya mahitaji ya teknolojia za tabianchi? Anzia hapa

Barua ya uteuzi ikishatoka, kabla hujapata hata meza utakuwa umeshaletewa katalogi. Huyu ana pampu za sola, yule ana mbegu, mwingine ana mtambo wa kugeuza taka kuwa umeme, na wote wana picha nzuri. Wapokee, wape chai, halafu katalogi zao zifungie kabatini. Utazitoa baadaye. Mimi ni injinia wa maji, nimekaa kwenye vikosi kazi vya namna hii Dodoma na Dar es Salaam, na ninayokueleza ni yale ambayo hadidu za rejea huwa haziyasemi. Mifano ya maji ikizidi, nivumilie, mdogo wangu.

Kwanza ujue kwamba hubuni kitu kipya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1992 kuhusu mabadiliko ya tabianchi unazitaka nchi tajiri zisaidie nchi zinazoendelea kupata teknolojia. Tangu 2009 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, kwa fedha za Mfuko wa Mazingira wa Dunia, limekuwa likizisaidia nchi kufanya tathmini hizi kwa utaratibu mmoja. Kenya na Rwanda ziliingia awamu ya kwanza, Tanzania na Burundi ya pili, Uganda ya tatu. Ripoti zipo, zisome. Mshauri mwelekezi akikuambia lazima alipwe kwanza ili atengeneze mbinu, mwambie mbinu ipo: unachagua teknolojia, unachambua vikwazo, unaandika mpango wa utekelezaji.

Anza na kilichoharibika

Usiulize "tunahitaji teknolojia gani?" Ukiuliza hivyo, kila mtu atataja ile aliyoiona safarini. Uliza kimeharibika nini, wapi, na kwa nani.

Oktoba 2015 mitambo yetu yote ya umeme wa maji ilizimwa kwa sababu mabwawa yalikuwa hayana maji ya kuiendesha. Hilo ni tukio la kuandika kwenye ukurasa wa kwanza. Linakuonyesha hitaji bila kutaja kifaa chochote: umeme usiosimama mvua zikichelewa. Ukishaliandika hivyo, gesi, sola, upepo, jotoardhi (mvuke wa ardhini), hata usimamizi bora wa maji ya mto Ruaha yanayoingia bwawa la Mtera, vyote vinaingia mezani kwa haki sawa. Ungeandika "hitaji la mabwawa mapya" ungekuwa umefunga mlango kabla ya wageni kuingia.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwani Zanzibar. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza kule 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Kuna aina mbili: kotonii, yenye bei nzuri, na spinosamu, yenye bei ya chini lakini ngumu kufa. Maji ya kina kifupi yamekuwa yakipata joto kupita kiasi, na kotonii ikawa inaugua na kukatikakatika mahali ambapo zamani ilistawi. Wataalamu wakaja na jibu la kueleweka: ipelekwe kwenye kina kirefu, maji ya baridi zaidi, ndani ya nyavu zilizoshonwa kama bomba ili mawimbi yasiichukue. Kisayansi jambo limekaa sawa.

Sasa simama ufukweni Paje maji yakiwa yametoka. Mama anatembea kwa miguu hadi kwenye kamba zake, anafunga mbegu, anarudi maji yakianza kujaa. Kwenye kina kirefu hakutembeleki. Panahitajika boti, mtu wa kuiendesha, na mkulima anayejua kuogelea, na wengi wa kina mama hawa hawakufundishwa kuogelea. Kwa hiyo ukiandika "nyavu za bomba" kwenye ripoti umeandika robo ya teknolojia. Iliyobaki ni boti ya pamoja, mafunzo ya kuogelea, na makubaliano ya nani anaitumia siku gani na nani analipia ukarabati. Tena kuna hatari ambayo haionekani kwenye jedwali: kazi ikishahitaji boti, wenye boti ni wanaume, na kipato kinaweza kuhama nyumba ileile kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine. Hilo liandike kama kigezo, usiliache kwenye aya ya "masuala mtambuka" ambako hakuna anayelisoma.

Kwa kila teknolojia, basi, jaza nafasi tatu: chombo chenyewe, ujuzi wa kukitumia na kukitengeneza, na utaratibu wa watu na fedha unaokibeba. Kenya wanafundisha hapa. Kwenye tathmini yao walichagua mifumo ya sola ya majumbani, lakini paneli zilikuwa madukani miaka mingi kabla. Kilichozuia ni kwamba mtu alitakiwa kulipa zote siku moja. M-Pesa ilianza 2007. Kufikia 2012 kampuni ya M-Kopa ilikuwa inauza sola kwa malipo madogo madogo ya kila siku kupitia simu, usipolipa taa inazimwa kutoka mbali. Sola ilikuwa ileile, kilichobadilika ni namna ya kulipa.

Nani akae mezani

Kwa kifupi: Hazina waje tangu kikao cha kwanza, si siku ya uzinduzi. Fundi mmoja anayetengeneza kwa mikono yake ana thamani kuliko wakurugenzi watatu. Afisa ugani wa kata, siyo wa mkoa. Na vikao vya wakulima vifanyike kwao, msimu usio wa palizi. Wanaofuata posho utawatambua. Hawapungui, panga bajeti ukilijua hilo.

Alama na uzito: hapa ndipo watu wanapodanganyana

Utatumia jedwali la vigezo. Orodha yako ndefu ya teknolojia zinazoweza kujibu hitaji, zikiwemo zile za katalogi za kabatini, ipunguze hadi teknolojia tano au sita kwa kila sekta, kila moja uiandikie karatasi ya kurasa mbili, kisha kikosi kazi kitoe alama. Kwa kila kigezo, teknolojia iliyo nyuma kuliko zote ipate 0, iliyo mbele kuliko zote ipate 100, nyingine zijipange katikati. Alama zikishatolewa, vigezo vipewe uzito, jumla 100.

Kosa linalorudiwa ni kuuliza "kigezo gani ni muhimu zaidi?" Kila mtu atasema gharama. Lakini kama teknolojia zote gharama zake zinakaribiana, gharama haisaidii kuchagua, na uzito wake unapaswa kuwa mdogo hata kama fedha ni muhimu sana maishani. Uliza hivi: tuseme una teknolojia iliyo ya mwisho kwenye kila kigezo, na umeruhusiwa kuipandisha kwenye kigezo kimoja tu, kutoka ya mwisho hadi ya kwanza, utaanza na kipi? Hicho ndicho chenye uzito mkubwa. Cha pili kiulize kwa njia hiyohiyo.

Tuchukue mfano wa kufikirika wa kijiji cha nyanda kame. Machaguo ni matatu: matangi ya kuvuna maji ya paa, bwawa la mchanga, yaani ukuta kwenye korongo la mto wa msimu, mchanga unajaa nyuma yake na maji yanajihifadhi ndani ya mchanga jua lisiyafikie, na kisima kirefu chenye pampu ya sola. Vigezo vitatu: gharama kwa kaya (nafuu ndiyo yenye alama ya juu), maji kufika mwisho wa kiangazi, urahisi wa kutunza. Matangi yanapata 0, 0 na 100. Bwawa la mchanga 100, 60 na 80. Kisima 50, 100 na 0. Zidisha kila alama kwa uzito wake, jumlisha, gawanya kwa 100. Uzito ukiwa 30, 40 na 30, bwawa linapata 78, kisima 55, matangi 30. Sasa badilisha uzito uwe 20, 70 na 10. Kisima kinapanda hadi 80, bwawa linabaki na 70.

Hakuna aliyekosea hesabu. Kilichotokea ni kwamba uamuzi umehamia kwenye swali moja: je, kiangazi cha kule ni kirefu kiasi gani ukilinganisha na umbali wa fundi wa pampu? Swali hilo linajibika, nenda kalijibu. Nimewahi kufika kijiji ambacho kisima chake kizuri cha sola kilikuwa kimesimama kwa kukosa kipuri ambacho wilaya nzima haikuwa nacho, na akina mama walikuwa wamerudi kufukua mchanga mtoni. Kwenye jedwali la mradi ule, "urahisi wa kutunza" haukuwa kigezo kabisa.

Kwa hiyo usiwasilishe jedwali moja. Badilisha uzito mara kadhaa, onyesha teknolojia gani inabaki juu kila mara na ipi inayumba. Mkubwa akikuomba "urekebishe kidogo" alama za teknolojia yake, mwombe arekebishe uzito hadharani, mbele ya kikosi kazi, na sababu iandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Mara nyingi ombi huishia hapo.

Vikwazo: usikubali "ukosefu wa fedha"

Kikosi kazi chochote, kwa teknolojia yoyote, kitaandika kikwazo cha kwanza kuwa ukosefu wa fedha. Kifute, kisha uliza kwa nini fedha haziji. Endelea kuuliza hadi ufike kwenye jambo ambalo mtu fulani mwenye cheo anaweza kulibadilisha.

Angalia jotoardhi ya Olkaria. Kenya ilianza kuzalisha umeme pale 1981, kwa hiyo teknolojia ilijulikana na mvuke ulikuwepo. Kwa miaka mingi uzalishaji ulikua polepole. Tatizo lilikuwa kuchimba: kisima kimoja ni fedha nyingi, na unaweza kuchimba usikute mvuke wa kutosha. Mwekezaji binafsi anaogopa, benki inaogopa zaidi. Mwaka 2008 serikali ikaunda kampuni ya umma ya kuendeleza jotoardhi, GDC, ibebe hatari ya uchimbaji. Ona tofauti ya sentensi hizi mbili: "hakuna fedha za jotoardhi", na "hakuna anayekubali kupata hasara kisima kikitoka kikavu". Ya pili ina dawa.

Tenganisha pia vitu vya dukani na vitu vya umma. Majiko, paneli na mbegu hununuliwa na watu. Vikwazo vyake vitafute kwa kufuata bidhaa kutoka bandarini hadi gulioni, ukiandika kodi na faida ya kila mkono inapopita. Ukuta wa bahari au kituo cha hali ya hewa haununuliwi na kaya; huko vikwazo viko kwenye bajeti na manunuzi ya serikali.

Mpango uende kwa mtu, siyo kabatini

Kwa kila teknolojia iliyoshinda andika kurasa chache: hatua, mhusika, gharama, na mlango wa kugonga. Msaada wa kitaalamu kupitia mtandao wa teknolojia wa Mkataba ule wa 1992 huombwa kwa taasisi iliyoteuliwa na nchi: kwetu ni COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, Kenya ni KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda. Fedha za Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, mfuko wa kimataifa, huombwa kupitia Ofisi ya Makamu wa Rais. Na benki zisidharauliwe. Benki ya CRDB iliidhinishwa 2019 kupitisha fedha za mfuko huo, na 2021 ukapitishwa mpango wa dola milioni 200, nusu ya mfuko na nusu ya benki, wa kukopesha teknolojia za kuhimili tabianchi kwenye kilimo. Andiko lako likiongea lugha ya afisa mikopo, yaani marejesho, dhamana na msimu wa mavuno, litasomwa.

Kila bei utakayoiweka iandikie tarehe, sarafu na mahali ulipoipata. Paneli za sola zimeshuka bei sana tangu tathmini za awamu ya kwanza, na atakayehuisha yako baada ya miaka mitano atahitaji kujua namba zipi azitupe na zipi bado zinafanya kazi.